Kruasani Huliwa Kuanzia Mkiani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kazi. Mimi! Nilidhani Madamu ananiita kunifukuza. Alisimama mlangoni, akasema "wewe, njoo," na korido nzima nilikuwa nayakagua makosa yangu moja moja, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Kumbe ni mikate.

Jiko la hoteli halitaoka tena. Oveni kubwa imekufa, na fundi amesema wazi kwamba haifufuki. Kwa hiyo kruasani zitanunuliwa nje — vile vimkate vya siagi vilivyokunjwa, vyenye ncha mbili, ambavyo wageni wetu wasipovikuta mezani asubuhi hupiga simu mapokezi kama watu walioibiwa. Madamu ndiye mkuu wa ununuzi. Anataka bekari moja, bora kuliko zote jijini. Mimi nitazunguka asubuhi, ninunue, nilete, tuonje kwenye chumba cha mikutano: yeye, Mhasibu na mimi.

"Una ulimi?" aliniuliza.

Ndiyo, Madamu.

"Tutaona."

Nilifurahi. Naandika hivyo ili nikumbuke, maana sasa hivi furaha yenyewe siioni. Alinisomea bekari nne zilizoomba, na ya mwisho ilikuwa Bekari ya Kona.

Kona! Dada anaoka Kona. Dada yangu, tumbo moja.

Kanuni naijua. Niliisoma siku ya kwanza kazini, nikaisoma tena nyumbani kwa sauti: mtu wa ununuzi mwenye ndugu kwa muuzaji aseme mapema, kabla ya kuonja wala kupima chochote, kisha ajitoe. Asiposema, kazi hana. Na mimi bado niko kwenye majaribio hadi mwisho wa mwezi.

Nilifungua mdomo. Madamu akasema, "Kuna swali?"

Nikasema hakuna.

Hakuna! Nitasema kesho.


Jumanne, 4 Machi

Sikusema. Asubuhi alikuwa kwenye simu. Mchana alikuwa na wageni. Jioni hakuwa na mtu, mlango uko wazi, nami nikapita mbele yake, nikarudi, nikapita tena, nimeshika faili tupu. Hatimaye akauliza kama nimepoteza kitu.

Nilipotoka nikaenda Kona. Dada alikuwa anasafisha meza ya kukandia, mikono myeupe hadi viwikoni. Aliponiona alicheka kabla sijasema neno.

"Una uso wa mtu aliyemeza kijiko."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba Kona imeomba kazi ya hoteli. Eti alitaka kunishangaza. "Nilijua ungeanza kutetemeka mapema, Bwana Faili. Nikasema ngoja, apate habari ikiwa imeshaiva."

Nikamweleza kanuni. Alisikiliza huku akikwangua unga uliogandia mezani. Kisha akanieleza lake, na hapo hakuwa anacheka. Mwenye bekari amechoka. Oveni inakula umeme, wateja wa mbele hawatoshi, na kuna watu wanakitaka chumba chote wafungue duka la simu. Amempa Dada hadi mwisho wa mwezi. Apate mteja mkubwa, au jiko lifungwe. Mwisho wa mwezi ule ule wangu!

"Ndiyo maana niseme," nikamwambia. "Mimi nitolewe, wengine waonje. Kanuni haisemi bekari itolewe."

"Kanuni haisemi. Watu ndio wanaosema." Akaitupa ile takataka ya unga kwenye ndoo. "Wewe utasema 'ni dada yangu', wao watasikia 'wamepanga'. Usinifanyie wema wa namna hiyo, mdogo wangu. Kuanzia kesho mimi sikujui. Ukija hapa wewe ni mteja. Unasimama kwenye foleni, unalipa, unaondoka."

Nikamwuliza kama kweli anaweza kunikana mchana kweupe.

"Wewe? Na hilo shati? Kwa raha zangu zote."

Nilicheka. Nilipofika barabarani nikagundua kwamba sicheki tena.

Nimenunua maboksi ya plastiki, yote ukubwa mmoja, yenye vifuniko vya kubana. Nataka bekari zote zisafiri sawa. Hakuna vumbi, hakuna kukandamizwa, hakuna atakayesema nilimpendelea mtu. Nimeyaosha, nikayakausha, nikayaosha tena. Mama amepita jikoni akauliza kama tumepata mgonjwa.


Jumatano, 5 Machi

Leo zilikuwa mbili, Vioo na Hospitali.

Bekari ya Vioo ina muziki laini, na wahudumu wanavaa glavu. Kruasani zimelala kabatini kama vito vya harusi. Msichana wa kaunta aliniuliza nataka "uzoefu gani leo". Nilitaka mkate. Bekari ya Hospitali inatazamana na geti la wagonjwa. Wateja wake hawajalala: wauguzi, na wale wanaosubiri kuambiwa. Hakuna anayechagua pale. Wananyoosha kidole tu, wanapewa, wanatafuna wakitazama geti.

Kuonja. Ya Vioo inang'aa sana lakini ndani imejaa kama mto wa kulalia. Mhasibu akasema ina ladha ya hotuba ya mgeni rasmi. Ya Hospitali imezidi chumvi kidogo, lakini ganda lake zuri. Madamu huandika alama kwa penseli, na mkono wa kushoto anaukinga kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu.

Kisha akanitazama. Akaweka penseli chini.

"Wewe unafanya nini?"

Nilikuwa nakula tu! Kumbe nilikuwa naikunjua. Nimeshika ile ncha ya nje, ule mkia, nikavuta taratibu, na kruasani ikawa inazunguka na kufunguka mezani, utepe mrefu wa mkate. Sijawahi kujiona nikifanya hivyo. Ni Baba alitufundisha, mimi na Dada. Kitu chochote kilichokunjwa alikikunjua kwanza, akaanza mkiani, ili tumbo la mkate, palipo laini na siagi nyingi, libaki la mwisho. Alikuwa akisema mtu anayeng'ata katikati hana subira. Tangu afariki sikumbuki kumwona mtu mwingine akila hivyo. Nje ya nyumba yetu, yaani.

Nikamwambia Madamu ni mazoea.

"Unakula kama muuguzi anayefungua bandeji," alisema, na — sikuamini — akatabasamu. Mhasibu tayari ameshanipa jina. Daktari. Hadi jioni watu wa mapokezi walikuwa wananiuliza habari za wagonjwa.

Kesho ni Kiwanda na Kona. Bado kuna nafasi. Kabla ya kuonja Kona naweza kusema. Nimeandaa sentensi: "Madamu, kuna jambo dogo la kiutaratibu ambalo pengine ningepaswa kulitaja." Hapana. Ndefu mno. Nikifika katikati atakuwa ameshapokea simu.


Alhamisi, 6 Machi

Sijasema. Na sasa labda hakuna haja ya kusema! Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nilianza Kiwanda. Kule hakuna muokaji unayemwona. Kuna dirisha, mkono unatoka na mfuko, mkono unarudi. Kisha Kona, iliyo mbali kuliko zote. Nilisimama kwenye foleni kama tulivyokubaliana. Dada akaja kaunta na sauti ya mtangazaji wa redio.

"Karibu mteja. Tukuhudumie nini?"

Mzee mmoja nyuma yangu akasema siku hizi huduma hapa imekuwa nzuri. Dada akaniambia nina bahati, trei imetoka sasa hivi, na kweli zilikuwa za moto hata kuzishika kulikuwa taabu. Nikaziweka kwenye boksi, nikabana kifuniko, nikakimbia.

Chumba cha mikutano. Kiwanda: laini, tamu, haina kosa na haina jambo. Mhasibu akaipenda, akasema inajaza tumbo bila kuuliza maswali. Kisha nikafungua boksi la Kona. Chini ya kifuniko kulikuwa na matone ya maji. Na kruasani zenyewe — zimelala! Zimesinyaa, ganda limekuwa ngozi. Nilipovuta mkia haukufunguka, ulikatika na kunata vidoleni. Madamu akainyanyua moja kwa vidole viwili, ikaning'inia.

"Hii imelia njia nzima," alisema.

Mhasibu alicheka hadi akakohoa. Ya mwisho kwa ubora kati ya nne. Madamu hakuimaliza hata robo.

Na mimi nilihisi nini? Wepesi. Mabega yalishuka. Kona imeshindwa, basi hakuna ndugu, hakuna kanuni, hakuna sentensi ya kutunga. Nilirudi mezani kwangu nikipiga mluzi. Mimi, mluzi ofisini!


Ijumaa, 7 Machi

Hakuna kuonja. Madamu anajumlisha alama.

Nimepata nilichokuwa nakitaka, na siwezi kukaa. Nimefungua dirisha, nimefunga dirisha. Nimekwenda kunywa maji ambayo sikuyataka. Naandika hii kwenye ngazi za nyuma, daftari juu ya goti, kwa sababu mkono usipoandika unatafuta kitu cha kuvunja.

Yale matone. Mengine hayakuwa na matone. Kwa nini?


Jumamosi, 8 Machi

Ni mimi.

Leo si siku ya kazi. Nilikwenda Kona mapema, nikamwambia Dada nataka mbili za moto, nikalipa kama mteja. Moja nikaiweka kwenye boksi, nikabana. Nyingine nikaiweka kwenye mfuko wa karatasi, mdomo wazi. Nikarudi nyumbani nimezishika zote mbili mbele ya kifua. Watu walinipisha njia. Nadhani walifikiri nimebeba sampuli za maabara.

Ya karatasi ililia "kracha!" nilipoivuta mkia. Tabaka juu ya tabaka, zinaachana zenyewe, na vipande vikarukia hadi kwenye sinki. Ya boksi ni kitambaa cha kudekia.

Mvuke. Bekari nyingine huuza zilizokwisha kupoa, zimekaa kabatini tangu alfajiri. Dada hakuniuzia zilizolala. Alinipa za moto kwa sababu alitaka zile bora, na mimi nikazifungia zichemke ndani ya jasho lao. Boksi langu! Usawa wangu! Ningebeba kizembe, kwenye mfuko tu kama mtu mwingine yeyote, kusingetokea neno.

Mchana Dada akapiga simu. Eti mambo yamekwendaje? Nikamwambia alama bado zinajumlishwa. Si uwongo. Akasema mwenye bekari jana alikuja na mtu wa kupima ukuta. "Nimempigia hesabu ya rafu za simu kwa unga mezani," alisema. "Nilikuwa na hasira, nikamkosea makusudi."

Akacheka. Mimi nikasema nasikia Mama ananiita. Mama hakuwepo nyumbani.

Sasa ndiyo nimekwama kweli. Nikimwambia Madamu kwamba jaribio liliharibika, namsaidia Dada. Nikinyamaza, namwangamiza kwa kosa ambalo si lake. Na aliyestahili kusema ni mtu asiye na ndugu ndani ya hilo boksi. Mtu huyo hayupo. Nimeangalia.


Jumapili, 9 Machi

Nikapata wazo. Nikasema, kama ulimi wangu ni wa haki, basi hata nikiwa sioni utajua ipi ni bora, na nikijua hilo nitapata nguvu ya kuongea. Jana jioni nilikuwa nimezipitia bekari zote nikanunua moja moja, zote kwenye karatasi. Leo baada ya chai nikamwambia Mama anifunge macho kwa taulo la jikoni.

"Sasa umekuwa mtoto tena?" Lakini akafunga. Anapenda michezo kuliko anavyokubali.

Akanilisha kipande kimoja kimoja, bila mimi kugusa, ili vidole visidanganye. Kipande cha tatu nikashtuka. Utamu wenyewe, ulaini, kama nyumbani. "Hii ndiyo ya Dada!" nikasema.

Kisha Mama akaanza kucheka, ule wa kujishika ubavu.

Ilikuwa ya Kiwanda.

Ya Dada ilikuwa ya kwanza. Niliipitia bila kusema kitu.

Nikaondoa taulo. Mama aliponiona akaacha kucheka. Akauliza kuna nini. Nikamweleza yote, hata mluzi. Alikaa akikusanya vipande mezani kwa ukingo wa kiganja, akavifanya kilima, akakivuruga, akakifanya tena.

"Mimi nimezaa watoto wawili," alisema mwishoni. "Ofisi sikuizaa. Ya ofisi huko mtajua wenyewe. Lakini dada yako asije akasikia hili kwa mtu mwingine."

Nikasema sawa. Simu iko hapa mezani. Nimeigeuza kifudifudi.


Jumatatu, 10 Machi

Nimesema nusu!

Nilimwahi Madamu kabla hajavua koti. Nikamwambia maboksi yalikuwa kosa langu, kwamba mkate wa moto ukifungiwa unatoa mvuke, mvuke hauna pa kwenda, ganda linalainika; kwamba bekari moja iliumia na nyingine hazikuumia; kwamba kwa haki turudie zote asubuhi moja, kwenye mifuko ya karatasi. Nilisema bila kupumua. Alinitazama muda mrefu na mkono mmoja bado uko ndani ya koti.

"Ipi iliumia?"

Kona, Madamu.

"Na umejuaje?"

Nilikwenda Jumamosi kujaribu.

"Siku yako ya mapumziko."

Ndiyo, Madamu.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema yaliyobaki. Hapo hasa! Pengo lilikuwa wazi kama mlango wa gari, ningesema tu "kwa sababu". Sikusema, naye Madamu akamwita Mhasibu na kumwambia, mbele yangu, kwamba ameshafanya kazi na makarani wa kila aina, lakini anayerudi na kosa lake mwenyewe mkononi bila kuitwa hajamwona siku nyingi. Akasema barua ya kunithibitisha kazini hataisubirisha hadi mwisho wa mwezi.

Mhasibu akanipiga begani. "Daktari, umepona!"

Nilisema asante. Nikaenda chooni nikafungua bomba, nikasimama tu nikiangalia maji.


Jumanne, 11 Machi

Zote nne, asubuhi moja, mifuko wazi. Nilizunguka jiji kama mwendawazimu. Vioo wakaniambia hawana karatasi, wana "vifungashio". Kona sikusimama kwenye foleni, Dada alinipa kupitia dirisha la nyuma, na akasahau kunikana. "Mkono wako wa baridi," alisema. "Umekula?"

Chumba cha mikutano. Vioo, Hospitali, Kiwanda, kila moja kama kawaida yake. Kisha ya Kona. Madamu aling'ata, vipande vikamwagika juu ya blauzi yake nyeusi, naye hakuvipangusa. Akang'ata tena. Akafumba macho kidogo. Mimi sikuhitaji kuonja. Nilivuta mkia na ikafunguka yote hadi tumboni bila kukatika, kila tabaka na pumzi yake, na nikajua. Ulimi wangu si wa kuaminika, lakini hiyo haikuwa kazi ya ulimi. Vidole viliona. Ilikuwa bora. Ilikuwa bora kwa mbali.

"Mimi Kona," alisema Madamu.

Mhasibu akasema yeye bado ni mtu wa Kiwanda, mgeni wa hoteli anataka kushiba siyo kusafiri kiroho.

Wakanigeukia. "Kura yako," alisema Madamu. "Uliyezunguka ni wewe."

Sijui nifanye nini na hili, ila kuliandika. Nilisema Hospitali.

Hospitali! Nilikuwa na kruasani ya Dada imekunjuliwa mbele yangu kama utepe wa kupimia nguo, siagi iko kwenye vidole vyangu, na nikasema Hospitali, ganda lake zuri. Nilijiambia ni haki. Kwamba mtu mwenye ndugu asimpigie kura ndugu. Lakini mtu mwenye ndugu hapigi kura kabisa! Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sikuwa mwenye haki, nilikuwa najisafisha. Nilitaka ikija kujulikana niweze kusema: mbona mimi sikuichagua?

Madamu alinitazama mkononi, akatazama mezani. Kura tatu, bekari tatu. Akasema basi twende tukaone majiko. Keshokutwa. Tuanze na Kona.


Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Dada, nimemwambia kesho mnakaguliwa, na mimi nitakuwepo. Kura sikutaja.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Sikujui hata kidogo. Nimeshafanya mazoezi kwenye kioo."

Nikamwuliza je, nikisema tu? Kesho, mbele ya wote?

Nilisikia feni ya oveni nyuma yake. Kisha akasema, bila utani, kwamba yule mtu wa kupima ukuta amerudi leo na bati la rafu la mfano, ameliegemeza kwenye friji ya siagi. "Subiri wasaini. Wakishasaini nenda kapige kelele sokoni ukitaka. Nifanyie hilo tu."

Nimepiga pasi shati. Nimelipiga tena. Mama ananitazama kutoka mlangoni.


Alhamisi, 13 Machi

Niko ndani ya gari la Madamu, kiti cha nyuma, nje ya Kona. Naandika upesi, herufi zinaruka.

Tumefika, Dada katusubiri na aproni safi. Akampa Madamu mkono, akanipa mimi mkono. "Na wewe karibu, kaka." Sura kavu kama meza. Akatuonyesha jiko. Bati la rafu bado limeegemea friji, alilifunika kwa kitambaa. Madamu aliuliza mambo ya siagi, ya usafi, ya nani anashika oveni yeye akiugua. Dada akajibu yote. Alikuwa mzuri! Nilikuwa naanza kupumua.

Kisha Madamu akasema anataka kuona ndani. Mtu mwingine angechukua kisu. Dada akachukua moja kwenye trei, akaishika mkia, akavuta.

Taratibu. Ikazunguka. Ikafunguka mezani hadi tumboni, na lile tumbo akaliacha kando, la mwisho. Hakufikiri. Ni mikono tu, mikono ya Baba.

Madamu alitazama ule utepe. Alitazama mikono ya Dada. Kisha akageuza kichwa, polepole, akatazama mikono yangu. Mimi nikaificha nyuma kama mtoto!

"Nimemwona mtu mmoja tu anayekula hivi," alisema.

Na Dada — hata hakuinua macho — akasema, "Huyu kijana wako? Huyo ni mteja wetu. Anakuja, ananunua, anakimbia. Labda alitazama kwangu akaiga. Hata jina simjui."

Kwa upole kabisa. Kama mtu anayefunga mlango ili baridi isiingie ndani. Ananikana ili nisifukuzwe, na hajui kwamba Jumanne nilimkana mimi kwanza, kwa kura, na siagi yake iko vidoleni.

Madamu akasema "aha." Neno hilo tu. Kisha akaniambia niende garini nikalete mifuko ya karatasi, tuchukue sampuli.

Mifuko iko mapajani mwangu. Sentensi nimeipunguza hadi haina tena pa kupunguzwa: huyu ni dada yangu. Ya pili: nilisema Hospitali, na nilidanganya. Ya pili ndiyo ngumu. Hiyo atakayeisikia siyo Madamu peke yake.

Nawaona kupitia dirisha la jiko. Madamu amekaa kwenye kiti cha jikoni, amekunja miguu, hana haraka. Hagusi kitu. Dada amesimama nyuma yake na ananitazama moja kwa moja, na anatikisa kichwa, kidogo sana. Usithubutu.

Nimefungua mlango wa gari. Mguu mmoja uko chini. Kwenye meza ule utepe bado umelala, na lile tumbo la mkate liko kando yake, hakuna aliyeligusa —